KIUNGULIA CHA MIAKA MINGI: TUSIKINYAMAZISHE, TUKITIBU



Mara nyingi kurasa zetu huzungumzia mishahara, saa za kazi na ajali za mashine. Leo tunataka kuzungumzia ugonjwa ambao wengi wetu hatuuhesabu kuwa ugonjwa. Nao ni kiungulia, yaani ule moto unaopanda kutoka chembe ya moyo kwenda kooni, pamoja na maji makali yanayorudi mdomoni baada ya kula, wakati wa kuinama, au pindi mtu anapojilaza kitandani.

Tunapozunguka katika matawi yetu hapa Uganda, kwenye viwanda vya sukari na mashamba ya chai, tunakutana na jambo lile lile. Mfukoni mwa koti la kazi mna vidonge vya kutafuna. Mwingine hulamba magadi, mwingine hunywa maziwa, na mwingine huchuja maji ya majivu. Ukimwuliza mwenzako ameanza lini kusumbuliwa, anahesabu miaka, kisha anacheka na kusema: "Hicho ni kiungulia tu, nimeshazoea."

Neno hilo "nimeshazoea" ndilo linalotufanya tuandike. Kiungulia cha mara moja moja, baada ya sherehe au chakula chenye mafuta mengi, si jambo la kumtia mtu hofu. Lakini kiungulia kinachokuja siku mbili au zaidi katika kila wiki, kikaendelea hivyo mwezi baada ya mwezi, hicho ni ugonjwa kamili. Ugonjwa huo unatibika. Usipotibiwa kwa miaka mingi unaweza kuharibu njia ya chakula, na kwa watu wachache unaweza kufikia saratani. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta.

NI NINI KINACHOTOKEA NDANI YA MWILI

Chakula tukimeza hupita katika bomba liitwalo umio, linaloshuka nyuma ya kifua mpaka kwenye mfuko wa tumbo. Mfuko huo hutoa tindikali, au asidi kama mafundi wanavyoiita, ambayo kazi yake ni kusaga chakula na kuua vijidudu. Tumbo lina utando wa kulilinda na tindikali hiyo. Umio halina kinga ya namna hiyo.

Mfanyakazi wa kiwandani ataelewa upesi. Tangi la asidi hutengenezwa kwa namna yake, na bomba la maji kwa namna yake. Ukiruhusu asidi irudi ndani ya bomba la maji, bomba litaliwa. Kinachozuia asidi isirudi ni vali. Nasi Mungu ametupa vali yetu: ni msuli wa mviringo ulio mahali umio linapoungana na tumbo. Msuli huo hufunguka chakula kikishuka, kisha hujifunga. Ukilegea, au tumbo likijaa kupita kiasi na kubanwa, tindikali hupanda juu. Huo moto tunaousikia ni umio linaloungua.

Elimu hii ya tumbo kwa sehemu kubwa ililipiwa na mfanyakazi mwenzetu. Mwaka 1822, katika kisiwa cha Mackinac huko Marekani, kijana aliyeajiriwa katika biashara ya ngozi za wanyama, jina lake Alexis St. Martin, alipigwa risasi kwa bahati mbaya. Alipona, lakini jeraha la tumbo liliacha tundu ambalo halikuziba. Daktari aliyemtibu, William Beaumont, alimfanya mtumishi wake, akawa anafunga vipande vya nyama kwa uzi na kuvitumbukiza katika tundu hilo ili aone vinavyoyeyuka. Mwaka 1833 Beaumont alitoa kitabu, na dunia ikafahamu nguvu ya maji ya tumbo. Kama maji hayo yanayeyusha nyama iliyofungwa kwa uzi, tujiulize yanafanya nini kwenye umio letu usiku kucha, kwa miaka 10 au 15.

MADHARA YA KUKAA NACHO MIAKA MINGI

Madhara hayaji kwa siku moja, na si kila mtu atayapata yote. Tunayaeleza moja moja ili kila mmoja aelewe.

Kwanza, ngozi ya ndani ya umio huvimba na kuchubuka, kisha hufanya vidonda. Vidonda hivyo huweza kuvuja damu kidogo kidogo bila mtu kuona. Mfanyakazi hujikuta anachoka upesi, anapumua kwa shida akipanda mlima na kikapu cha chai, naye anadhani ni uzee, kumbe ni upungufu wa damu.

Pili, kidonda kinachopona na kurudi mara kwa mara huacha kovu. Kovu hukaza. Umio linakuwa jembamba kama bomba lililoziba kutu. Mtu anaanza kusukuma posho kwa maji, kisha anaacha nyama, mwisho anabaki kunywa uji peke yake.

Tatu, tindikali ikifika juu kabisa huharibu meno, hukwaruza sauti, na huleta kikohozi cha usiku kisichosikia dawa ya kifua. Mwenye pumu huweza kuzidiwa. Wako watu waliokunywa dawa za kikohozi muda mrefu, kumbe chanzo kilikuwa tumboni.

Nne, umio linaloungua siku zote hujaribu kujilinda kwa kubadilisha ngozi yake ya ndani, ikafanana na ile ya matumbo. Daktari mpasuaji wa London, Norman Barrett, aliandika juu ya jambo hili mwaka 1950, na mpaka leo hali hiyo inaitwa kwa jina lake. Hali ya Barrett si saratani, na wengi walio nayo hawapati saratani kamwe. Kwa mwaka ni chini ya mtu mmoja katika kila watu 100 wenye hali hiyo. Lakini ni njia ambayo saratani huweza kupitia, kwa hiyo mtu aliye nayo hutakiwa kuangaliwa na daktari kila baada ya muda.

SARATANI: TUSEME UKWELI WOTE

Hatupendi kuwatisha watu, na pia hatupendi kuwaficha. Uchunguzi uliofanywa Sweden na kutangazwa mwaka 1999 ulionyesha kwamba watu wenye kiungulia cha kila wiki walikuwa na hatari ya kupata saratani ya sehemu ya chini ya umio karibu mara 8 kuliko wasio nacho. Waliosumbuliwa vikali kwa zaidi ya miaka 20, hatari yao ilikuwa zaidi ya mara 40. Hata hivyo, saratani ya aina hiyo ni adimu, na hata ukizidisha kitu kidogo mara nyingi, bado walio wengi hawataipata.

Katika nchi zetu kuna jambo jingine la kuangalia. Upande wa mashariki ya Afrika, kutoka Ethiopia kushuka mpaka Afrika ya Kusini, kuna ukanda ambao saratani ya umio huonekana kwa wingi. Jirani zetu wa Kenya wanaijua vizuri: hospitali ya Tenwek huko Bomet, katika nchi ya chai, imehudumia wagonjwa wengi mno wa saratani hiyo. Sehemu kubwa ya saratani ya ukanda huu ni ya aina nyingine, ambayo haitokani na kiungulia. Huhusishwa na tumbaku, pombe kali, upungufu wa matunda na mboga, na vinywaji vya moto sana. Mwaka 2016 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani walitangaza kwamba kunywa kinywaji chenye joto linalozidi digrii 65 huenda kunasababisha saratani ya umio. Chai yenyewe haina kosa, kosa ni kuimeza ikiwa inaunguza kwa sababu kengele ya kazi imekaribia kulia.

Kwa nini tunazitaja aina zote mbili? Kwa sababu dalili yake kubwa ni moja: chakula kukwama. Na mtu aliyezoea kusema "ni kiungulia tu" ndiye anayechelewa kuliko wote. Ikigunduliwa mapema kuna njia za kuitibu. Ikigunduliwa wakati hata uji haupiti, mara nyingi kinachobaki ni kumpunguzia mgonjwa mateso.

FUNDI WA BOILA

Yuko mwenzetu mmoja, fundi wa boila, ambaye ametupa ruhusa tueleze habari zake bila kumtaja jina wala kiwanda. Alifanya zamu ya usiku miaka mingi. Alikula chakula chake kikubwa alfajiri akitoka kazini, akalala papo hapo kwa kuwa alikuwa amechoka. Kiungulia kilimwamsha kila siku. Alipokwenda zahanati ya kiwanda alipewa vidonge vya kutafuna, akarudi, akapewa vile vile. Miaka 9 ilipita hivyo. Hakuna aliyemwuliza ana muda gani akisumbuliwa, wala hakuna aliyemwandikia barua ya kwenda hospitali kubwa.

Siku moja tonge la posho lilikataa kushuka. Mke wake ndiye aliyeshika njia naye kwenda hospitali. Walimpima kwa endoskopi, yaani mpira mwembamba wenye kamera unaoingizwa mdomoni mpaka tumboni. Walikuta kovu limekaza umio, wakachukua nyama kidogo kuipima, na kwa bahati nzuri haikuwa saratani. Ilibidi umio litanuliwe mara tatu, kwa siku mbalimbali, na akapewa dawa ya kupunguza tindikali. Leo anakula, lakini siku alizokuwa hospitali kiwanda kilimkata mshahara, na watoto wawili walirudishwa nyumbani kwa kukosa karo. Tawi lilisimama naye mpaka sehemu ya fedha hizo ikarudi.

Tunaona hapo mambo mawili. Vidonge alivyotafuna vilinyamazisha kengele huku moto ukiendelea kuwaka. Na pili, ugonjwa wake haukutoka mdomoni mwake peke yake: ulichangiwa na zamu na mahali pa kazi.

TUSICHANGANYE MAGONJWA

Watu wengi huita kila maumivu ya tumbo "alsa". Kiungulia na vidonda vya tumbo ni magonjwa mawili. Vidonda vya tumbo mara nyingi huletwa na kijidudu. Madaktari wawili wa Australia, Barry Marshall na Robin Warren, ndio waliogundua jambo hilo, na mwaka 2005 walipewa tuzo ya Nobel. Kijidudu hicho hupimwa na huuawa kwa dawa maalumu. Kwa hiyo dawa ya jirani yako huenda isiwe yako.

Vile vile, si kila moto wa kifua ni kiungulia. Kifua kikibana kwa nguvu, maumivu yakienda kwenye mkono au taya, na jasho likitoka huku pumzi ikikata, huo huenda ni moyo. Usitafute kidonge. Mtu huyo apelekwe hospitali mara moja.

DALILI ZA KUTONGOJA

Ukiona moja ya hizi, usisubiri siku ya mshahara:

1. Chakula kinakwama au kinaumiza kikimezwa.
2. Unakonda bila kukusudia.
3. Unatapika damu, au matapishi yanafanana na unga wa kahawa.
4. Choo ni cheusi kama lami.
5. Una upungufu wa damu usiojulikana sababu.
6. Unatapika mara kwa mara, au unashiba kwa matonge machache tu.
7. Kiungulia kimeanza ukiwa na umri mkubwa, au cha zamani kimebadilika.

Hata bila dalili hizo, kiungulia cha kila wiki kwa zaidi ya miezi michache kinatosha kukupeleka kwa daktari. Akina mama wajawazito hupata kiungulia sana, na kwa kawaida huondoka baada ya kujifungua. Hata hivyo wamwambie mkunga kabla ya kumeza dawa yoyote.

YALIYO MIKONONI MWETU

Tusile chakula kingi kwa mara moja na kujilaza. Kati ya kula na kulala zipite saa tatu hivi. Mwenye zamu ya usiku ale katikati ya zamu kama inawezekana, na asubuhi ale kidogo kabla ya kulala.

Upande wa kichwa wa kitanda uinuliwe kwa matofali, kiasi cha sentimita 15 hadi 20, chini ya miguu ya kitanda. Kurundika mito hakusaidii sana, kwa sababu hukunja tumbo. Kulala ubavu wa kushoto kunasaidia.

Mkanda usikazwe juu ya tumbo lililoshiba. Aliyenenepa akipungua kidogo ataona nafuu. Sigara na pombe hulegeza ile vali, kwa hiyo mwenye kiungulia anazichochea mwenyewe kuni. Chai iachwe ipoe kidogo. Vyakula vinavyoleta kiungulia si vile vile kwa kila mtu: mmoja ni pilipili, mwingine ni mafuta, mwingine ni kahawa. Kila mmoja ajichunguze.

Maziwa hutuliza kwa muda mfupi tu, kisha tumbo hutoa tindikali tena. Magadi yana chumvi isiyomfaa mwenye shinikizo la damu. Tena tuangalie dawa za maumivu tunazomeza kwa ajili ya mgongo, kama diklofenaki, ibuprofeni na aspirini. Hizo huweza kuchubua tumbo na umio, hasa zikimezwa kila siku. Kidonge chochote kimezwe kwa maji ya kutosha, mtu akiwa ameketi au amesimama.

Daktari anaweza kutoa dawa ya kupunguza tindikali, kama omeprazoli. Kwa kawaida humezwa nusu saa kabla ya kula, kwa wiki 4 hadi 8, kisha mtu huangaliwa tena. Mtu asianze mwenyewe na kuendelea miaka mingi bila daktari kumwona, kwa maana dawa hiyo huweza kuficha ugonjwa mkubwa zaidi.

YA KUDAI MEZANI

Ndugu zangu, kumwambia mfanyakazi ale polepole wakati anapewa dakika 15 za chakula ni sawa na kumwambia mtu aoge bila maji. Mkata miwa anainama siku nzima, mchukuzi wa magunia anabebeshwa mzigo chakula kikiwa bado kooni, na wa zamu ya usiku hana mahali pa kupasha moto chakula chake. Haya si mambo ya zahanati peke yake. Ni mambo ya mkataba.

Tangu mwaka 1919, mkataba wa kwanza wa Shirika la Kazi Duniani uliweka saa nane za kazi kwa siku viwandani. Mwaka 1956 shirika hilo lilitoa mapendekezo juu ya mahali pa kulia chakula na kupumzikia kazini. Mwaka 1958 likapitisha mkataba wa wafanyakazi wa mashamba makubwa, unaogusa pia matibabu yao, na mwaka 1985 mkataba wa huduma za afya kazini. Hapa kwetu, Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 iliweka kwamba mfanyakazi aliyetimiza mwezi mmoja kazini, akiugua, alipwe mshahara kamili kwa mwezi wa kwanza wa ugonjwa. Cheti cha daktari ni silaha yako: kihifadhi.

Basi kila kamati ya tawi ipeleke mezani madai haya: muda wa chakula usiopungua nusu saa, usioliwa na mashine, chakula cha moto na mahali pa kukaa kwa wa zamu ya usiku, kazi ya kuinama na kubeba isianze mara tu baada ya kula, zahanati iandike tarehe na idadi ya safari za kila mgonjwa, na anayerudi mara ya tatu kwa ugonjwa ule ule apewe barua ya hospitali kubwa, na siku ya kupimwa isikatwe mshahara.

Nasi wenyewe tuanze wiki hii. Kila mjumbe wa tawi awaulize wenzake kumi wa sehemu yake: nani anatafuna vidonge kila wiki, na ni mwaka wa ngapi? Majina yasitangazwe, idadi iletwe kwenye mkutano. Mwajiri akiambiwa "watu wanaumwa" atatikisa kichwa. Akiwekewa hesabu mezani, atalazimika kujibu.

Na aliye na dalili za hatari asingoje mkutano. Aende akapimwe, na mjumbe wake afuatane naye.

Umoja ni nguvu.